Msasa na Brashi ya Nyegere

Mafundi wenzake walimbatiza jina la Msasa kwa ajili ya mashavu yake. Alikuwa fundi rangi, na miaka yote ya kazi alinyoa kama mtu anayefukuzwa: maji baridi, sabuni ya kuogea, wembe, huyo kazini. Mashavu yakabaki yanakwaruza, na shingo ikaota vipele visivyokwisha. Jina hakulikataa, maana jina la utani ukilikataa ndipo linapoganda.

Kisha kifua kikamgomea. Daktari akamwambia harufu ya rangi sasa basi. Msasa akarudi nyumbani, na asubuhi zikawa haziishi. Alisimama dirishani akitazama kuta za jirani zilivyobabuka, akisonya. Mkewe, mshona mapazia, alimvumilia weee, mwishowe akamshauri atafute shughuli, hata kama ni ya kuutunza uso wake mwenyewe.

Mkewe alitania, yeye akalivalia njuga. Alikwenda duka la vifaa vya vinyozi akaulizia brashi ya kupakia povu. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akampangia tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya manyoya ya nguruwe, rahisi kuliko zote. Msasa aliiminya, akaona hiyo ingefaa kusugulia viatu. Ya pili ilikuwa ya manyoya ya nyegere, ncha nyeupe, laini kama pamba, mpini unameremeta. Aliposikia bei aliirudisha kwa mikono miwili, kama aliyeshikishwa yai la watu.

"Na hii je?" aliuliza, akigusa ya tatu.

Mama alimweleza kuwa nayo ni ya nyegere, ila manyoya yake ni ya daraja la chini: meusi, yanakwaruza kidogo mwanzoni, na mpini ni wa mti tu. Msasa akaikagua kama alivyozoea kukagua brashi za rangi. Alivuta manyoya, likachomoka moja tu. Akaibonyeza kiganjani, ikarudi wima. Akaipitisha shingoni, palepale penye vipele. Ilitekenya, haikuchoma.

"Nifungie hii, mama. Ile nyeupe ni ya kutazama."

Nyumbani alipoilowesha ilitoa harufu ya mnyama aliyenyeshewa. Mkewe akaweka sindano chini.

"Baba watoto, umetuletea nini humu ndani?"

Msasa akaiosha kwa shampuu, akaianika, akaiosha tena, hadi harufu ikafifia.

Kunyoa kwenyewe kulimpa kazi. Mkono ulishazoea ukuta. Povu la kwanza lilipanda hadi kwenye nyusi. Polepole akajifunza kuukanda uso kwa maji moto, kuizungusha brashi bila papara, na kuufuatisha wembe ndevu zinakolalia. Vipele vikaanza kunywea, ingawa si vyote.

Asubuhi moja mkewe aliketi kwenye kigoda mlangoni pa bafu, Msasa akiwa amejaa povu hadi midomoni. Akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa akiziogopa zile ngazi ndefu alizopanda mumewe, na jinsi alivyokuwa hapakui chakula cha jioni mpaka asikie kikohozi chake nje.

"Sikuwahi kukwambia," alisema. "Ungenibishia."

Wembe ulikuwa tayari mkononi. Msasa aliuweka kando, akachovya brashi, akajipaka povu upya, taratibu, ili mkewe aendelee.