Nadhiri Aliyoiacha Ervoan

Baba yangu, Goulven Le Dantec, tulimzika Jumanne. Mungu ampumzishe, maana alikuwa amechoka.

Maisha yake yote alichora meli katika dhoruba. Mabaharia wa pwani yetu ya Bretania wakiona kifo, huvua kofia na kumwekea Bikira nadhiri: tukifika salama, tutakuletea picha kanisani, tutatembea pekupeku. Wakifika, walikuja kwa baba. Walimweleza wimbi lilikotokea na tanga lililochanika, na akikosea kamba moja waliikataa kazi. Waliochorwa ni wale tu waliokuwemo melini nadhiri ilipowekwa. Juu, kwenye mwanya wa mawingu, alimweka Bikira na Mtoto.

Msimu uliopita, meli ya kaka yangu Ervoan ilirudi bila yeye. Serahangi wake, msimamizi wa mabaharia aitwaye Matilin, akaja kwetu, akasimama mlangoni.

"Mzee Goulven, wenzangu wamenituma. Niliwaambia waende kwa mchoraji wa mjini."

"Wa mjini anachora bahari kama shuka lisilopigwa pasi," baba akasema. "Kaa."

Akamuuliza habari za upepo, kisha za nadhiri.

"Mlipoweka nadhiri, mwanangu alikuwa bado yupo?"

"Alikuwa juu, mlingoti wa mbele. Ndiye aliyetangulia kuvua kofia. Wimbi lilikuja baadaye."

"Kwa hiyo naye aliapa."

"Aliapa, mzee. Tena kwa sauti kutushinda sote."

"Huyo hata kwenye misa alikuwa akituaibisha kwa kelele."

Matilin akacheka, halafu akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Mama aliweka mwiko chini. "Kama alipiga kelele hivyo, Bikira alimsikia. Usimchore, Goulven. Wenzake wanashukuru. Yeye anashukuru nini?"

Baba akarudi kwenye turubai. Alichora mawimbi, akachora matanga, akachora mabaharia wote waliorudi. Pale kwenye mlingoti hakugusa. Alikuwa akikaa mbele ya turubai, brashi ikimkaukia mkononi, na nikimwita kula anasema, "Nakuja, binti yangu," asije. Nilisali apate nguvu au aache. Sikujua niombe lipi.

Mwishowe alimchora, mdogo kama punje ya shayiri, kichwa wazi.

Baadhi ya mabaharia walinung'unika kwamba mtu aliyekufa hawekwi kwenye picha ya shukrani. Matilin akawauliza, "Tuliapa naye. Nani kati yenu atamshusha?" Hakujitokeza mtu.

Siku ya kuipeleka kulikuwa na baridi. Mabaharia walipovua viatu, baba naye akavua.

"Baba, na kikohozi hicho?"

"Ervoan aliahidi kutembea. Nani atatembea kwa niaba yake?"

Mama alikuwa amesema haendi. Lakini tulipofika kwenye mteremko nilimwona nyuma yetu, amebeba viatu vya baba.

Picha ilipotundikwa, baba alikaa kwenye benchi na hakuweza kuinuka. Mama akapiga magoti, si mbele ya Bikira, bali mbele ya baba, akamfuta miguu kwa aproni.

"Umemaliza sasa?" akamuuliza.

"Nimemaliza."

Akamvisha viatu. Tulimrudisha nyumbani kwa mkokoteni wa Matilin, akalala, na kitandani hakutoka tena. Majirani wanasema mawe yale ya baridi ya njiani ndiyo yaliyomuua. Huenda. Mama bado hasali, nami sijamlazimisha. Jioni nasali kwa ajili yetu sote wawili.