Jina la kaka yangu juu ya mlango wa maktaba, Kamina

Wakuu, hodi humu. Mimi ni bibi kizee wa Kamina, macho yamechoka lakini kumbukumbu bado ipo. Haya niliyaona mwenyewe, sikuhadithiwa. Asiyeamini apite uzi mwingine, hatutagombana.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Baba alifanya kazi reli. Nyumbani, aliyejua kusoma ni kaka yangu Ngoy peke yake, na alisoma chochote.

Mama akileta samaki wa moshi wa Kinkondja kutoka sokoni, Ngoy anakunjua gazeti walilofungiwa, anatusomea huku linanuka moshi. Nusu ya habari imeliwa na mafuta. Hiyo nusu alijitungia, mwongo yule!

Surua ikamchukua.

Baba hakulia mbele ya watu. Alifyatua matofali. Yeye na wenzake wa reli wakajenga chumba cha maktaba pembeni ya shule, rafu wakazitoa kwenye mbao za makasha ya mizigo. Vitabu aliomba kwa mapadri na makarani.

Mwisho akataka jina la mwanawe juu ya mlango. Kwa kuwa hakujua kuandika, alikwenda kunakili herufi kwenye msalaba wa kaburi la Ngoy.

Hapo ndipo alipokosea. Hakuna mtoto aliyeingia. Jirani yetu, Mama Kabamba, alimwambia wazi:

"Baba Ngoy, usikasirike. Ile jina iko ku kaburi. Mi siwezi kutuma batoto bangu mu nyumba ya mufu. Ataita benzake."

Kwetu dawa yake inajulikana: jina la marehemu apewe mtoto mchanga wa ukoo, awe wa kiume au wa kike, liwe tena la mtu aliye hai. Na mama alikuwa mjamzito.

Akakataa katakata.

"Ngoy iko mumoja," alisema.

Kwake ilikuwa kumzika mara ya pili. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Baba hakumlazimisha. Kila Jumapili baada ya misa alifungua chumba, akapangusa vitabu asivyoweza kusoma, akafunga. Mimi nilimshikia kitambaa. Iliniuma sana, wakuu, na inaniuma hadi leo.

Mama akajifungua msichana. Wanawake wakauliza jina. Mama akamtazama baba aliyesimama mlangoni na vumbi la vitabu mikononi.

"Njo Ngoy," akasema, yaani huyu ndiye Ngoy.

Baba akalia, mbele ya watu wote.

Mama Kabamba naye akatuma watoto wake wiki ileile. "Sasa Ngoy iko nanyonya," alisema. "Ataita nani tena?"

Mdogo wangu alipokua, akawa hatoki mle maktaba. Jioni mama husimama nje akiita, "Ngoy! Kuya tukule!" Mtoto anatoka mbio, mama anamshika mkono.

Lakini mama haondoki upesi. Anangoja kidogo, anatazama ndani, kama aliyeita wawili.

Nilichojifunza ni hiki: matofali baba aliyaweza, ila mlango ule aliufungua mama, na ulimgharimu.

Nyie mnaobeba majina ya marehemu, karibuni mchangie. Mkiitwa nyumbani, huwa mnaitika peke yenu?