Mstari wa Chini

Mume wangu anasomea amani. Shahada ya udaktari, mwaka wa saba huu: watu wakishapigana wakachoka, wanakalishwaje mezani, na serikali yao inajengwaje upya. Mtaani wanamwita Msuluhishi. Mimi ni fundi cherehani, na tangu aanze nimewashonea wanetu sare mpya mara nne, yeye bado yuko kwenye kitabu kilekile.

Basi kikaisha. Ikabaki fomu moja, isainiwe na maprofesa wake wawili na imfikie karani wa chuo Ijumaa kabla ya saa kumi. Ikichelewa, jina linafutwa, miaka saba imekwenda na maji.

Sasa maprofesa wenyewe! Wanatumia ofisi moja na hawasemeshani, eti kwa sababu ya dirisha; mmoja analitaka wazi, mwenzake analitaka limefungwa. Vita vyao wakavihamishia kwenye kurasa za mume wangu. Wa wino mwekundu anaandika "futa", wa kijani anaandika "rudisha". Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ni baba watoto wangu.

Fomu ilikuwa na mistari miwili ya saini, wa juu na wa chini. Wa kwanza akasema, "Mimi nikae chini ya yule? Thubutu!" Wa pili naye vivyo hivyo. Siku tatu Msuluhishi anapeleka maneno huku na huku. Ijumaa saa nane akarudi nyumbani, akaketi juu ya kitambaa cha mteja, akalia. Nilimhurumia jamani. Nikamfokea pia, maana kitambaa kilikuwa cheupe.

"Baba," nikamwambia, "dada zako walipogombania nani atangulie kwenye kadi ya harusi ya mdogo wao, nilifanyaje?"

"Ulichapisha kadi za aina mbili."

"Na karani ana fomu moja tu?"

Alitoka mbio na kandambili zangu.

Kila profesa akapewa fomu yake, akasaini juu kwa maringo, kisha, kwa kuwa kwake yuko juu, akamsaidia mwenzake kwa kusaini mstari wa chini wa ile nyingine. Saa kumi kasoro dakika tano karani akazibana pamoja, akagonga muhuri.

Jioni mume wangu alinikumbatia, halafu akanywea ghafla. Akaniambia wale wababe wa vita aliowaandika kitabuni mwake walipatanishwa hivyohivyo: nakala mbili, kila mmoja juu kwenye yake.

"Iko sura ya tano," akasema. "Kurasa arobaini."

"Aliiandika nani?"

"Mimi."

"Si ungeisoma, mume wangu."