Kamera Iliyopenda wa Karibu

Kamera yangu ya kwanza ya dijitali, ya aina ile ya kubadilisha lensi, ilikuwa ya daraja la chini kabisa katika ukoo wake, lakini ole wake mtu mwingine aliyesema hivyo mbele yangu. Niliinunua Kasindi, mpakani, imeshatumika, kwa mfanyabiashara aliyeniapia kwamba mwenyewe wa kwanza aliitoa kabatini Jumapili tu. Ilikuwa plastiki tupu. Ungeiweka mezani karibu na kamera za wapiga picha wakubwa wa Butembo, ungedhani ni kitu cha kuchezea watoto. Lakini betri yake! Umeme wetu ulikuja siku uliyotaka wenyewe, na betri ile ilimaliza harusi nzima, kanisani hadi ukumbini, ikarudi nyumbani bado ina nguvu. Picha zake nazo zilikuwa kubwa. Ungeweza kukata uso mmoja kutoka katika kundi la watu, ukaukuza, ukatoka vizuri.

Ubaya wake niliujua pia. Penye mwanga hafifu lensi ilihangaika kama mimi mwenyewe: mbele, nyuma, mbele tena, huku bibi harusi ameshachoka kutabasamu. Mlio wake ulimfanya padri ageuke katikati ya misa. Na kubwa kuliko yote, ukiiacha ichague yenyewe, ilimshika aliye karibu na kuwasahau wengine. Pakiwa na maua ya plastiki mezani, maua yalitoka safi kila jani, na ukoo mzima nyuma yake ukabaki ukungu.

Niliudharau ubaya huo mpaka asubuhi mama mdogo wangu, mdogo wake mama, aliponipigia simu kutoka Beni. Walikuwa wakiishi huko Beni, mtaa wa Ruwenzori, yeye na mumewe, na kulima upande wa Mangina. Mumewe alikuwa ameuawa shambani. Miaka ile habari kama hizo zilikuwa zinatufikia mara kwa mara, na bado kila moja ilikuwa mpya.

"Mutoto wangu," alisema, sauti imekauka, "sanduku balishaifunga. Balinikataza kumuona. Wewe ulipiga mafoto ku mariage ya dada yako. Uniletee sura yake, ata moja tu. Kesho tunamuzika."

"Niko nayo, mama mudogo. Niko nakuya."

Nilisema niko nayo kabla ya kuangalia. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia.

Nilikimbia hadi labo, pale tulipochapishia picha, nikaanza kuzifungua picha za harusi ya dada yangu kwenye kompyuta. Mwenye labo alikuwa akiwasha jenereta na kulalamikia mafuta. Kwetu, siku ya harusi, wenyeji hawakai mbele. Mbele ni pa wageni. Baba wadogo na wajomba wa bibi harusi husimama nyuma ya wote, na ukiwaita kwenye picha wanasogea nyuma zaidi, ndiyo adabu yao. Baba mdogo, yule mume wa mama mdogo, nilimwona katika picha ya kwanza: paji la uso lenye ukungu. Katika ya pili, sikio. Katika nyingine alikuwepo mzima, mrefu, amevaa koti lake la kahawia, na uso umeyeyuka, kwa sababu kamera yangu ilikuwa imependa keki.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Niliitukana kamera kwa Kinande, halafu kwa Kifaransa. Barabara ya Beni ilikuwa imesemwa vibaya tangu alfajiri, kwamba si salama, na kila dakika niliyokaa pale niliona gari la mwisho likiondoka bila mimi. Nilikuwa na hofu, na nilimwonea mama mdogo huruma.

Ndipo nikafika kwenye picha iliyoharibika. Niliikumbuka vizuri. Maharusi walikuwa wanaingia ukumbini, nimeshajiweka sawa, mara mtu akakatiza mbele yangu na kreti ya soda begani. Nilimpigia kelele, "Mais, baba mudogo, toka mu njia!" Ningeifuta palepale, lakini maharusi hawakunipa nafasi. Sasa nikaikuza. Maharusi walikuwa ukungu mtupu nyuma. Yeye, kwa kuwa alikuwa karibu, alitoka safi: mikunjo ya jicho, jasho juu ya mdomo, jino lililovunjika, anacheka, macho yamekwenda pembeni.

Mwenye labo aliinama akatazama. "Wa kufa hapana cheka hivi," alisema. "Na kreti, tuikate."

Nilimwambia achapishe yote kwanza, tutakata baadaye. Nikaifunga juu ya kadibodi, nikapata nafasi katika gari la mizigo juu ya magunia ya chumvi. Njia nzima tulikuwa tukisimamishwa, na kila kizuizi niliificha ile kamera chini ya koti, maana askari huwa hawapendi lensi. Nilifika Beni nimebana meno.

Mama mdogo aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu bila kulia. Nilianza kujitetea: kwamba kreti inaweza kuondolewa, kwamba kamera ni ya bei ndogo, kwamba...

"Nyamaza kidogo," alisema. "Hapana kukata kreti. Ni miye nilimutuma masoda. Nilikuwa nasimama hapa." Akaweka kidole nje ya picha, upande wa kushoto, mahali palipokuwa na kadibodi tupu. "Alikuwa anacheka na miye."

Picha iliwekwa juu ya jeneza kama ilivyo, na kreti yake. Wajane kwetu hukaa chini, kwenye mkeka, upande wa kichwa cha marehemu, na wanawake walikuwa wameshamtandikia hapo. Mama mdogo aliutazama ule mkeka, akaitazama picha, kisha akauvuta mwenyewe mpaka upande wa kushoto wa picha, akakaa pale macho ya mumewe yalipokuwa yanatazama.