Mguu wa Mama Ulikuwa na Joto

Nakumbuka asubuhi moja katika miaka ya sitini. Nilikuwa mwalimu mpya kule Uriri, nami nilikuwa nimerudi nyumbani karibu na Oyugis kwa likizo. Mama, aliyekuwa akiuza vyungu, aliingia kutoka sokoni, akatua kapu, akaanza kunisimulia habari za watu. Mimi nilikuwa nikitazama sakafu. Kila alipokanyaga, aliacha damu.

"Mama, umeumia mguu."

"Nani? Mimi?" Akacheka.

Nikamvua akala, zile ndara za tairi. Msumari ulikuwa umetoboa mpira ukazama kwenye unyayo wake. Alikuwa ametembea nao kutoka sokoni bila kuhisi kitu. Mwanangu, mpaka leo jambo hilo linanishangaza.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Tulijua habari za vidonge na chai isiyo na sukari. Kuhusu miguu hatukujua lolote.

Waya Penina, dada yake baba, alisema twende hospitali siku hiyo hiyo. Nikaushika ule mguu. Ulikuwa na joto kuliko wangu, mishipa imetuna, na nikiweka kidole naisikia damu ikidunda.

"Waya, mguu unaokufa huwa baridi," nikamwambia. "Huu una damu tele. Utapona wenyewe."

"Wewe ndiye mwalimu," akajibu. "Lakini mtu asiyesikia msumari, mimi simwelewi."

Hata mimi sikuelewa. Niliona haya kusema.

Nikawa naukanda kwa maji ya moto. Siku moja maji yalizidi moto, naye alikaa tu akizungumza mpaka ngozi ikafanya malengelenge. Wiki mbili zikapita. Kidonda kikachimbika, kingo zikawa nyeusi, na bado mguu ulikuwa na joto! Nilikuwa nikishika huu, nashika ule mwingine, nalinganisha, sipati jibu.

"Unauma, Mama?"

"Hauumi. Kwani umeona nini?"

Afadhali angelia.

Tulimpeleka hospitali Homa Bay. Walimkata vidole vitatu. Nikamuuliza daktari, "Damu ipo, nimeisikia kwa mkono wangu. Mbona nyama inaoza?"

"Neva zimekufa, ndiyo maana hasikii maumivu," alisema. "Hilo joto hata mimi linanitatiza. Lakini wewe, mbona hukumleta siku ya kwanza?"



Miaka mingi baadaye binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinieleza. Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva, na si zile za maumivu tu. Huharibu pia zile zinazoiambia mishipa midogo ya damu ibane au ilegee. Zikifa, mishipa hubaki imelegea, na damu nyingi hupita njia ya mkato, ikarudi kabla ya kuilisha nyama inavyopaswa. Kwa hiyo mguu unaweza kuwa na joto na bado una njaa. Nilimwomba arudie mara tatu. Siwezi kusema nimeelewa yote.

Mama aliishi, akatembea kwa mkongojo, akauzia vyungu vyake nyumbani. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinisumbua kuliko matusi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukiwa na sukari, au ukiishi na mwenye sukari, kagua nyayo kila siku, mpaka katikati ya vidole. Kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Maji yapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu. Ukiona kidonda, hata kisipouma, hata mguu ukiwa na joto zuri, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na usipoelewa jambo, sema huelewi, mbele ya yeyote.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe macho ya kuona kile mwili unachokuficha, na uzeeke ukitembea kwa miguu yako miwili.