Shikamoo kwenye Magofu ya Mgiriki

Juzi nimepanda tena njia ya Magamba, magoti yakilalamika, na harufu ya udongo mbichi na moshi wa kuni ikanirudisha darasa la tano. Mwalimu wetu alipenda mno habari za Wayunani wa kale. Siku moja akachoka kuchora nguzo zao ubaoni, akasema twende tukaone magofu. Wayunani wa kale hatukuwa nao, lakini Mgiriki mmoja tuliwahi kuwa naye, setla aliyeondoka baada ya uhuru akaacha nyumba iliyokuja kuanguka paa, na nguzo mbili za baraza.

Bibi yangu alijitolea kutubebea chakula. Wenzangu waliona ni ukarimu tu, ila mimi nilijua. Kabla ya Mgiriki pale palikuwa kwao, na baba yake kazikwa palepale. Miaka yote ya setla hakuruhusiwa kuingia. Sasa kijiji kilitaka kulima eneo lote liwe shamba la ujamaa, naye hakukumbuka tena kaburi liko wapi. Aliogopa jembe litalifikia kabla yake.

Tulipanda tukiimba, tukinywa maji ya mifereji, bibi nyuma na sufuria ya makande kichwani, hataki kupokewa. Kufika, kichaka kimemeza kila kitu. Mwalimu akatuamuru tufyeke ili nguzo zionekane. Nyuma ya jiko wenzetu wakakuta masale marefu, wakainua mapanga. Kwetu masale hupandwa kaburini na hayakatwi, kila mtoto anajua, lakini kwa Mgiriki nani angefikiria kaburi?

Bibi akatua sufuria, akaenda kuketi katikati ya majani.

"Basi hapo, wanangu," akasema taratibu. "Huyu ni baba."

Mwalimu akavua kofia. Akatupanga mstari, tukaamkia kwa pamoja, "Shikamoo, babu."

"Marahaba," bibi akaitikia kwa niaba yake, huku analia na kucheka. Kisha akatupakulia makande, yameungua kidogo, na hatukubakiza hata punje. Jioni ileile mwalimu alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na majembe yalipokuja yalipita kando.

Nguzo sasa hazipo, mawe yake yako kwenye misingi ya nyumba za watu. Mwalimu ametangulia, bibi pia. Masale yapo, tena yamezidi kuwa mengi. Nikasema shikamoo, nikasimama kusubiri, mpaka nikakumbuka kwamba wa kuitikia nimebaki mimi.

"Marahaba," nikasema.