Wiki Nyeupe kwenye Mfumo

Ofisi yetu ya upimaji wa ardhi, hapa Bukoba, ilikuwa inapanga kazi kwa kusemezana tu mlangoni. Kisha mkurugenzi wetu, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, akaleta mfumo wa kompyuta. Kila mfanyakazi alikuwa na mstari wake. Siku uliyopangiwa kazi ilijaa kijani, siku usiyopangiwa ilibaki nyeupe, na ukizidiwa ilikuwa nyekundu. Hivyo alijua mapema kama wiki ijayo tuna watu wa kutosha.

Jumatatu ya kwanza aliuonyesha ukutani kwa projekta, sote tukiwa na vikombe vya chai. Mistari ya wenzangu ilikuwa ya kijani, mmoja umeanza kuwa mwekundu. Wangu ulikuwa mweupe mwezi mzima.

Nikacheka. "Mfumo wenu umenisahau."

Hakuna aliyecheka nami. Mkurugenzi alibofya, akasogeza, akabofya tena. "Haujakusahau, mama," alisema taratibu. "Hakuna aliyekuomba kwenye kazi yake."

Mimi ni mchoraji wa ramani. Zamani wapimaji waliniletea vipimo kutoka vijijini, nami nikakaa navyo mpaka vikawa ramani. Siku hizi kifaa kinapima na kompyuta inachora palepale shambani. Nilikuwa nimeliona hilo likija. Lakini nilifika ofisini mapema, nikapanga majalada, nikasahihisha tahajia za wengine, nikajiambia nina kazi. Sikutegemea kuonyeshwa ukweli mbele za watu, huku nimeshika kitumbua.

Mwezi uliofuata mstari wangu ulipata kijani: Muleba, siku mbili, pamoja na mpimaji kijana niliyempokea mimi mwenyewe alipotoka chuoni. Nilifurahi kama mtoto. Nyumbani Miembeni nilimwambia mume wangu kwa sauti ya kutosha jirani asikie, "Kesho niko Muleba kikazi!" Nikanunua na mabuti mapya ya mpira.

Kibanja tulichokwenda kupima kilikuwa cha mama mjane, migomba na mibuni imeshonana mpaka kwenye ukingo wa mto. Alitukaribisha kwa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kisha tukaanza. Kijana alisimamisha kifaa chake mpakani, kikalia, akasogea, kikalia tena. Mvua ilikuwa imeanza, nami nikamfuata nyuma na mwavuli nikiikinga kompyuta. Nilimwuliza kama nishike futi. Hakuwa amekuja nayo.

Yule mama alikuwa ananitazama muda wote. Mwishowe akaniuliza kwa Kihaya, kwa upole kabisa, "Waitu, wewe nawe kazi yako ni ipi?"

Kabla sijajibu, kijana akawahi. "Huyu ndiye mtaalamu wetu wa ramani. Bila yeye hatuendi popote."

Mama akaitikia kwa heshima. Mimi nikainama kufunga buti ambalo halikuwa na kamba.

Ndani ya gari, tukirudi, nilimwuliza, "Mwanangu, ni wewe uliyeniomba kwenye kazi hii?"

"Ndiyo, mama."

"Kazi ile ilihitaji watu wawili?"

Alikaza macho barabarani. "Hapana. Ila sikupenda ule weupe wako. Kila Jumatatu sote tunautazama, hatujui tuseme nini."

"Na bosi anajua?"

"Bosi ndiye aliyepitisha."

Kumbe walikaa wakanijadili, wakakubaliana kunihurumia. Ningeona nafuu kama wangenisengenya. Njia nzima mpaka mjini sikuweza kumtazama, na yeye akawasha redio.

Sikurudi Muleba siku ya pili. Niliingia kwa mkurugenzi nikamwambia anifute kwenye kazi ile.

"Mama, hakuna ubaya," alisema.

"Nifute. Kama kuna kitu ninachoweza kujifunza, nifundishwe. Kama hakipo, niambie."

Alifuta nikiwa nimesimama palepale, kijani kikaondoka. Nilitoka nikajifungia msalani mpaka uso ukatulia. Jioni nilimweleza mume wangu kila kitu. Alinisikiliza, akasema tu, "Na mabuti umeshanunua."

Nilipangiwa kujifunza kile kifaa, na mwalimu wangu ni kijana yuleyule. Ana adabu mno. "Samahani mama, bonyeza hapa. Samahani mama, siyo hapo." Sasa baadhi ya wiki nina kijani cha kweli, ingawa mikono yangu ni mizito na mara nyingi nasahau hatua.

Juzi tulikuwa Izimbya. Alinipa upande mmoja wa shamba niupime peke yangu, nikaumaliza, nikamwonyesha, akasifu. Nikaenda kunawa mikono. Nilipogeuka nilimwona, nyuma ya migomba, anaupima tena upande ule kimyakimya. Nikaendelea kunawa, polepole, mpaka alipomaliza.